Kituo cha kidijitali Mboghoni: Kitakuwa karakana au kibanda cha kutazamia video?

NA MWANDISHI WETU

SERIKALI ya Rais William Ruto ilipoingia madarakani Septemba 2022, miongoni mwa ahadi zake ilikuwa kuanzisha vituo 1,450 vya kidijitali mashinani. Hesabu hiyo haikuokotwa barabarani. Kenya ina wadi 1,450, na kwa hivyo kila wadi, iwe ya katikati ya jiji la Nairobi au ya mpakani, ilitengewa kituo chake.

Wadi ya Mboghoni, katika eneobunge la Taveta, Kaunti ya Taita Taveta, ni mojawapo. Hili ni eneo la migomba na mifereji ya maji, ambako wiki hupimwa kwa siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, na ambako mpaka wa Tanzania hauko mbali.

Suala ambalo halijajadiliwa ipasavyo ni hili: Kijana wa Mboghoni atakapoketi mbele ya tarakilishi hiyo ya umma, atafanya nini? Mjadala mwingi umehusu idadi ya vituo, urefu wa nyaya na kasi ya mtandao. Ni machache mno yaliyosemwa kuhusu programu zitakazowekwa ndani ya mashine zenyewe.

Makala haya yanashikilia kwamba swali la programu ndilo zito zaidi. Jibu lake laweza kupatikana kwa kumtazama mtu ambaye sera za nchi hazimtaji popote, naye ni mtoto au kijana anayeunda modeli za magari, nyumba na garimoshi kwa mapenzi yake mwenyewe, bila mwalimu wala malipo.

Mafundi wasio na cheti

Kila aliyelelewa kijijini anawafahamu. Huyu ana gari la waya lenye usukani mrefu na magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu. Yule ana lori la katoni ya maziwa. Mwingine amejenga ghorofa ya mabua, na vyumba vyake vyote vina milango.

Watu wazima huona mchezo tu. Lakini anayeunda gari la waya huwa amefanya kazi nzito kichwani. Amelitazama gari la kweli, akachagua sehemu zipi aziache na zipi azidumishe, akakadiria uwiano, kisha akatafuta njia ya kuufanya usukani ugeuze magurudumu ya mbele. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi, isipokuwa haina karatasi.

Taita Taveta nayo haina uhaba wa vitu vya kuigizwa. Kuna njia ya reli iliyojengwa na jeshi la Waingereza kutoka Voi kuelekea Taveta wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kuanzia mwaka 1915. Kuna jumba la Grogan, lililojengwa kilimani karibu na mji wa Taveta katika miaka ya 1930. Pale Voi kuna reli mbili zilizotenganishwa na zaidi ya miaka 100: Ile ya kikoloni yenye upana wa milimita 1,000, na ile ya kisasa ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 yenye upana wa milimita 1,435.

Ni katika reli hizo mbili ambapo mipaka ya jicho hubainika. Kijana akiamua kuziunda kwa uwiano wa 1 kwa 100, reli ya zamani itakuwa na upana wa milimita 10 na ile mpya milimita 14.35. Tofauti baina ya enzi mbili za historia ya nchi yetu inakuwa chini ya nusu sentimita.

Kisu, gundi na jicho kali havitoshi hapo. Panahitajika mchoro, tena mchoro wenye vipimo. Hapa ndipo tarakilishi inapoacha kuwa anasa na kuwa kifaa cha kazi, kama bikari na timazi.

Wapo watakaouliza modeli ina faida gani kwa taifa. Jibu limo Lamu. Mtepe, chombo cha kale cha Waswahili ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulitoweka baharini katika karne ya 20. Leo anayetaka kujua umbo lake hutegemea picha chache za zamani na modeli, zikiwemo zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lamu. Wale walioketi kuunda vijahazi hivyo vidogo walituhifadhia elimu ambayo ingezama pamoja na vyombo vyenyewe.

Programu hizi hufanya nini?

Usanifu kwa tarakilishi si jambo geni duniani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT nchini Marekani alionyesha mfumo wa Sketchpad, ambapo mtu aliweza kuchora kwa kalamu maalumu moja kwa moja kwenye kioo cha tarakilishi. Mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ikatoa AutoCAD, na kazi iliyokuwa ya mashine ghali za viwandani ikaanza kuhamia kwenye meza za afisi za kawaida.

Programu za sasa zina tabia moja ambayo anayejifunza sharti aielewe mapema, la sivyo atakata tamaa. Mtu hachori kitu kama achoravyo kwa penseli. Huanza na mchoro bapa, tuseme mstatili wa ukuta wa nyumba. Kisha huufunga kwa masharti: Upande huu uwe milimita 80, ule 30, na pembe zote ziwe mraba. Baada ya hapo huuvuta mchoro huo ili upate unene, na ukuta unasimama.

Faida huonekana siku ya kurekebisha. Fundi wa katoni akigundua kwamba ukuta umezidi kwa milimita 5, hutupa kazi ya siku nzima. Mwenye programu hubadilisha nambari moja tu, na madirisha, paa na kuta nyingine, iwapo zilifungwa kwa masharti yafaayo, hufuata zenyewe.

Hata hivyo, ugumu upo, na si haki kuuficha. Wiki za kwanza huwa za kuudhi. Mchoro usiofungika vyema hukataa kuvutwa. Umbo hugeuka juu chini kwenye kioo. Anayejifunza peke yake, bila wa kumuuliza, huweza kupoteza jioni nzima kwa kosa ambalo mwenzake angelitatua kwa dakika mbili.

Aidha, modeli si kitu kikubwa kilichopunguzwa tu. Ukuta wenye unene wa sentimita 20 huwa milimita 2 kwa uwiano wa 1 kwa 100, na hilo halina tatizo. Lakini fremu ya dirisha yenye unene wa sentimita 3 huwa milimita 0.3. Mdomo wa kawaida wa printa ya pande tatu una kipenyo cha milimita 0.4, hivyo fremu hiyo haitachapika vyema. Mwundaji hulazimika kuamua: Ainenepeshe, aichore tu juu ya ukuta, au aiache. Kujifunza kuamua hivyo kuna thamani kuliko kujifunza kubofya vitufe.

Bure yenye masharti

Kwa miaka mingi, gharama ya leseni ndiyo iliyokuwa ukuta baina ya mtu wa kawaida na programu hizi. Baadhi waliuruka kwa kununua nakala haramu zilizouzwa kwa bei ya soda. Mbali na kuvunja sheria ya hakimiliki, nakala hizo mara nyingi huja na virusi, na siku zikigoma hakuna wa kulalamikiwa.

Leo wapo watakaosema kwamba tatizo hilo limekwisha kwa kuwa kuna programu nyingi za bure. Ni kweli, lakini neno bure linahitaji kuchunguzwa.

Chukua mfano wa SketchUp, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 na kupendwa na waunda modeli kwa wepesi wake. Google iliinunua kampuni iliyoiunda mwaka 2006 na kutoa toleo la bure. Mwaka 2012 ikauzwa kwa kampuni ya Trimble. Toleo la mwaka 2017 ndilo lililokuwa la mwisho la bure ambalo mtu aliweza kulisakinisha katika tarakilishi yake. Tangu hapo, asiyelipa huitumia kupitia kivinjari, akiwa ameunganishwa na intaneti.

Autodesk nayo iliwapa wapenzi wa uundaji leseni ya binafsi ya Fusion 360 bila malipo. Mwaka 2020 ikapunguza mambo ambayo watumiaji hao wangeweza kufanya, ikiwa ni pamoja na kuwawekea kikomo cha faili 10 zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Watu waliokuwa na mamia ya michoro walijikuta wakipangiwa foleni ya kazi zao wenyewe.

Tinkercad, ambayo pia ni ya Autodesk, ni nyepesi na inawafaa sana watoto. Lakini nayo hufanya kazi kupitia kivinjari. Wanafunzi na walimu wanaweza kupata programu kubwa za kampuni hiyo bila malipo, mradi wathibitishe kwamba wamo katika taasisi ya elimu. Kijana aliyemaliza shule na sasa anasaidia shambani hana barua ya kuthibitisha chochote.

Kampuni hizi hazijafanya kosa kisheria. Mali ni yao, na masharti ni yao. Lakini mpangaji sera wa Kenya anapaswa kujiuliza iwapo ni busara kumjengea mtoto wa Mboghoni elimu juu ya ardhi ambayo mwenyewe yuko ng'ambo na anaweza kubadilisha masharti ya upangaji usiku mmoja.

Kuna na suala la bando. Programu inayotegemea mtandao hugeuza kila jioni ya kujifunza kuwa gharama. Mtandao wa kituo ukikatika, somo limekwisha. Nani ataendelea kujifunza kitu kigumu kwa namna hiyo?

Bure isiyo na kamba

Zipo programu za aina nyingine. FreeCAD ilianza kutolewa mwaka 2002 kama programu huria, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kumpa jirani na hata kuirekebisha. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, baada ya miaka 22 ya kazi ya watu wa kujitolea. LibreCAD, ambayo ni ya michoro bapa pekee, huenda hata katika mashine dhaifu. Blender, inayotumiwa zaidi kwa maumbo ya sanaa na katuni, imekuwa huria tangu mwaka 2002.

Ukishakuwa na faili ya kusakinisha ya programu kama hizi katika flashi moja, waweza kuiweka katika tarakilishi 10 au 100 bila kumlipa mtu na bila kuunganishwa na mtandao tena. Mchoro wa mtumiaji hukaa katika mashine yake.

Si kwamba hazina kasoro. FreeCAD ilisifika kwa ugumu wake kwa miaka mingi, na kwa anayeanza haina wepesi wa Tinkercad. Huhitaji pia tarakilishi yenye nguvu kiasi, si simu. Na wengi wa vijana wetu wana simu, hawana tarakilishi. Hiyo ndiyo sababu hasa kituo cha umma kina umuhimu.

Je, printa ya pande tatu ni lazima? La hasha. Mwaka 2013, Kodjo Afate Gnikou wa Togo aliushangaza ulimwengu kwa kuunda printa ya namna hiyo kutokana na mabaki ya vifaa vya elektroniki vilivyotupwa. Jijini Nairobi, kampuni ya AB3D ilijipatia jina kwa kuunda printa hizo kwa kutumia taka kama hizo. Kwa hivyo mashine hiyo si ndoto kwa Afrika.

Lakini kijana wa Mboghoni hahitaji kuisubiri. Umbo lililochorwa kwa tarakilishi laweza kukunjuliwa liwe bapa, likachapishwa kwenye karatasi ya kawaida, likabandikwa juu ya katoni na kukatwa. Blender ina kiongezi cha kazi hiyohiyo. Kwa gharama ya kurasa chache za kuchapisha, katoni ile ile ya maziwa inakuwa stesheni ya reli yenye vipimo sahihi.

Lugha nayo

Kikwazo ambacho hutajwa kwa nadra ni lugha. Masomo mengi ya video yako kwa Kiingereza cha kasi. Mtoto anayefahamu vyema maana ya timazi, bikari, kimo na unene kutoka kwa seremala wa jirani hujiona mjinga mbele ya menyu ya maneno asiyoyajua.

Wanaodai kwamba Kiswahili hakimudu teknolojia wasahihishwe. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili. Kazi ilifanyika, kilichokosekana ni msukumo wa kuiendeleza kwa programu nyingine.

Programu huria huruhusu tafsiri bila kuomba idhini ya kampuni. Mwongozo wa kurasa 30 kwa Kiswahili cha karakana, wenye mazoezi kuanzia kisanduku hadi nyumba na behewa la garimoshi, ungefanya mengi kuliko hotuba 30 za uzinduzi.

Mtaala unadai, nani atatoa?

Haya yote yangeweza kupuuzwa kama mambo ya starehe lau si mabadiliko yaliyoikumba elimu yetu. Chini ya mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019, uundaji wa vitu kwa mikono ni sehemu ya kazi za darasani. Wazazi wamelalamika sana kuhusu katoni, gundi na manila wanazotakiwa kununua.

Katika shule za sekondari ya msingi, somo la Pre-Technical Studies lilipanuliwa mwaka 2024 kwa kuunganishwa na masomo ya tarakilishi na biashara. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walijiunga na Gredi ya 10, wakiwa wamechagua mojawapo ya mikondo mitatu: Sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Hapo ndipo pana hatari halisi. Mwanafunzi wa shule yenye maabara mjini atakuwa amegusa programu ya usanifu kabla ya kuchagua mkondo. Wa Mboghoni huenda akaisikia kwa jina tu. Wote wataambiwa kwamba walichagua kwa hiari, ilhali mmoja alichagua na mwingine alibahatisha.

Historia inatuonya. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 ukinadiwa kwamba ungewapa vijana stadi za mikono. Vifaa na karakana zikakosekana katika shule nyingi, na baadaye sanaa na ufundi vikaondolewa katika masomo yaliyotahiniwa katika shule za msingi. Mpango wa kugawa vishikwambi shuleni ulioanza mwaka 2016 nao ulifikisha zaidi ya vifaa milioni 1, lakini kishikwambi ni kifaa cha kusomea na kutazamia kuliko cha kuundia.

Wapo wenye hoja kinzani, na hoja yao ina uzito. Taveta ina matatizo ya haraka zaidi: Mafuriko ya Mto Lumi, ndovu wanaotoka mbuga ya Tsavo Magharibi na kuvamia mashamba, bei ya ndizi inayoyumba. Je, ni adabu kuzungumzia modeli za garimoshi mbele ya mkulima aliyepoteza mazao?

Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama pendekezo lingekuwa la kutumia fedha mpya. Haliko hivyo. Kituo kimekwisha kuahidiwa. Tarakilishi zitanunuliwa au tayari zimenunuliwa. Kuweka programu huria ndani yake hakuongezi hata shilingi moja ya leseni. Isitoshe, anayejua kuchora behewa kwa vipimo anajua kuchora lango la mfereji, sehemu ya pampu iliyovunjika, au banda la kuhifadhia ndizi. Mchezo ndio chuo cha bei nafuu kuliko vyote.

Yanayopaswa kufanywa

Kwanza, wizara inayohusika na mawasiliano na uchumi wa kidijitali itoe orodha ya programu ambazo lazima ziwe katika kila kituo cha wadi, na FreeCAD, LibreCAD na Blender ziwemo. Ziwe zimesakinishwa kabla ya mashine kufika, si baada ya vijana kuziomba.

Pili, kaunti itumie hazina iliyo nayo. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2016 na kina wanafunzi wa uhandisi. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100, lakini wiki moja ya likizo yatosha kwa wanafunzi wachache kuwaelekeza vijana wa wadi na kuacha nyuma mmoja au wawili watakaowafunza wengine.

Tatu, mafundi seremala na wachomeleaji waalikwe katika vituo hivyo. Kijana anajua kipanya. Fundi anajua kwa nini mlango hukwama mvua inyeshapo. Kila mmoja ana nusu ya elimu inayomfaa mwenzake.

Nne, kazi za wanafunzi zionyeshwe hadharani, na soko la Taveta siku ya Jumamosi ni mahali bora kuliko ukumbi wowote wa hoteli.

Iwapo hayo hayatafanywa, kituo cha Mboghoni kitafunguliwa kwa mkasi na utepe, vijana wataingia, na baada ya miezi michache kitakuwa mahali pa kupakua video na kuchaji simu. Hakuna atakayeweza kuwalaumu, maana hawatakuwa wamepewa kingine cha kufanya. Na yule mwenye gari la waya atapita nje akilisukuma, akielekea mferejini.